Kengele Isifungwe Katikati ya Mbao

Katoro, Alhamisi asubuhi

Shikamoo Baba,

Naamini mmeamka salama na mguu wa Mama umepungua kuvimba. Mimi ni mzima.

Nimekupigia simu, haipatikani. Najua huko chaji mpaka mashine ya kusaga iwashwe. Kwa hiyo barua hii nampa jirani yetu Mama Kulwa, aliyeleta mchele sokoni hapa na anarudi leo. Isome kabla hujapanda juu ya kanisa.

Jumatatu nilikwambia kenchi ulizochora, zile fremu za mbao za kubeba paa la kanisa, ni salama. Niliziingiza kwenye kompyuta hapa ofisini, tunapochora maghala ya wafanyabiashara. Kila mbao niliiweka kama kipande kinachovutwa na kusukumwa tu, kimeshikwa ncha mbili. Nikaongeza uzito wa mabati, upepo na kengele. Zote zikawa kijani, yaani zinabeba. Nilipokupigia ukacheka: "Kumbe mbao zangu zilikuwa zinasubiri ruhusa ya kompyuta?"

Jana Injinia, mama anayenifundisha kazi, akasimama nyuma yangu.

"Hii kengele inaning'inia wapi?"

"Katikati ya mbao ya chini. Ni rimu nzito ya gurudumu la katapila, inagongwa kwa chuma. Baba anataka iwe ndani, maana watu wa vyuma chakavu wameshaiba mbili za nje."

"Katikati, mbali na maungio?"

"Ndiyo."

"Basi programu haijakosea. Wewe umeiambia mbao haipindi, ikakuamini. Uzito wote ikaupeleka kwenye ncha."

Nikaibadilisha mbao ile, niiruhusu kupinda. Ikawa nyekundu, yaani itavunjika. Nikarudia, nyekundu. Nikaisogeza kengele mpaka kwenye ungio, pale mbao za mshazari zinapokutana. Ikarudi kijani.

Baba, najua unataka ining'inie katikati ya njia, kati ya mabenchi, kila anayeingia aione. Isogeze hadi kwenye ungio, hata ikionekana imekaa upande. Wakisema fundi amekosea vipimo, waambie ni mimi. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Penye kalamu nyekundu ndipo pa kufunga. Kama umeshaifunga, isigongwe hata mara moja. Ishushe kwanza.

Nisalimie kaka Masanja anayekushikia ngazi, na shangazi wa kwaya. Na Mama mwambie, mpaka utakapoisogeza, akae benchi la nyuma. Lile lake la mbele liko kando ya njia, chini ya mbao hiyo ya kengele.

Mwanao,
Shija