Bronek, Tumeweka Kengele Mlangoni

Ni mwaka mmoja sasa, Bronek, tangu uliponiambia nisimenye viazi vingi, ukachukua kofia yako, ukaenda kuzunguka uwanja wa shule, na hukurudi kula. Ulikuwa na miaka themanini. Walikukuta umeketi kwenye benchi karibu na mstari wa kumalizia, mikono juu ya magoti, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuanza tena.

Hapa Nakło wengi walikujua kama Mwalimu Gawron wa michezo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hapo ulikuwa Bronisław Gawron wa mita mia nane na mita elfu moja mia tano, uliyevaa fulana ya taifa mara nne, na uliyekimbia hizo elfu moja mia tano kwa dakika tatu na sekunde arobaini na nne. Mwenyewe hukupenda kuyasema. Mtu akikuuliza ulijibu, "Nilikuwa nakimbiakimbia tu, wengine wakiwa mbele."

Lakini miguu haikusahau. Meza uliizunguka kwa kushoto, siku zote kushoto, hata kama chumvi iko kulia kwako. Ngazi za kanisa ulizihesabu, matonge ukayahesabu. Mayai uliyachemsha kwa saa yako ya kupimia mbio. Binti yetu Urszula alikuwa akikutania, "Baba, yai si fainali," nawe unamjibu, "Yai lisilopimwa ni bahati nasibu, mama."

Siku za mashindano ya shule, mshindi uliwaachia wengine wampongeze. Wewe ulimngoja wa mwisho. Ulisimama mstarini na taulo mkononi hata kama watu wameshaanza kuondoka, na msichana akifika analia, unamwambia, "Wewe umekaa uwanjani kuliko wote. Umefaidi." Nimewaona wasichana wale wakiwa na wajukuu sasa, na bado wanayarudia maneno hayo.

Sasa niseme jambo ambalo mimi na wewe hatukulisema hata mara moja kwa miaka hamsini na minne ya ndoa.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1967, kwenye mbio za mita elfu moja mia tano za kuchagua timu ya taifa. Wawili wa kwanza wangekwenda kushindana nje ya nchi, na wewe ulikuwa katika mwaka wako bora. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Mjomba wangu Teofil alikuwa mwamuzi wa kuhesabu raundi, na mpiga kengele wake alikuwa ameugua. Akanitia kengele mkononi, akasema, "Fela, raundi ya mwisho ikianza, piga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu."

Nikapiga raundi moja mapema. Nilikuwa nakutazama wewe, Bronek, nikaacha kuhesabu. Hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Uliposikia kengele ulichomoka, na wenzako watatu wakakufuata. Ukafika mstarini wa kwanza, ukainua mikono, ukasimama. Zilikuwa zimebaki mita mia nne. Walipokupigia kelele ukaanza tena, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Alojzy Piontek, rafiki yako wa Katowice aliyekuwa nyuma kabisa, aliwapita nyote akashinda. Timu ikaenda bila wewe. Mwaka uliofuata mshipa wa kisigino ukakatika, na nafasi ile haikurudi tena.

Watu walipokuuliza, ulisema, "Nilikosea kuhesabu." Wewe, uliyehesabu hata matonge!

Miaka miwili baadaye ulikuja kwetu kunichumbia. Nilijua kwamba unajua, maana siku ile nilisimama hatua sita kutoka kwako. Sikujua kama bado inakuuma. Nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu.

Kisha tukajenga nyumba. Fundi wa umeme akauliza, "Mwalimu, kengele ya mlangoni niiweke wapi?" Nilikuwa jikoni, nikaacha kukoroga. Ukamwambia, "Usiweke. Watu wana vidole, wabishe." Nikajisemea, basi, bado inamuuma. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wako. Nilifungua kengele ya baiskeli ya Urszula nikamwambia imeibwa. Kanisani kengele ya altareni ikikaribia kulia, nilikohoa ili usiisikie. Padre aliwahi kuniletea asali kwa ajili ya kifua changu.

Siku ya Watakatifu Wote, mwezi mmoja na nusu hivi baada ya kukuzika, Alojzy alikuja kutoka Katowice kwa treni, na fimbo yake na mshumaa mkubwa. Akauwasha juu ya kaburi lako, akasema:

"Shemeji Fela, mtu huyu hata huku ametaka kutangulia."

"Wewe ulimtangulia mara moja," nikamwambia.

"Aa, ile! Ile nilishinda kwa sababu sikuwa na pumzi ya kuifuata kengele yako. Haikuwa akili, shemeji. Ulikuwa uchovu."

Kengele yako, alisema. Basi nikamuuliza yeye nililoshindwa kukuuliza wewe. "Alojzy, ilimuuma kiasi gani?"

Akakaa kwenye benchi, akanieleza. Kocha wako alikuletea karatasi ya malalamiko. Ungeitia sahihi, mbio zingerudiwa kesho yake, na jina la aliyepiga kengele lingeandikwa, pamoja na la mjomba aliyempa. Ukauliza, "Yule msichana anayelia nyuma ya mapipa ya maji ni nani?" Wakakwambia. Ukarudisha kalamu. "Kengele ilikuwa sawa," ukasema. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Ndani ya basi nikamchamba," Alojzy akaendelea. "Nikamwambia, we mpumbavu, ulijua kabisa zimebaki raundi mbili, ulichomoka kwa nini? Akasema, 'Mkimbiaji akianza kubishana na kengele, mbio zitaisha lini?'"

"Lakini ilimuuma?"

"Ilimuuma mpaka theluji ikaanguka. Baada ya hapo ikawa hadithi yake! Kila wazee wa mbio tukikutana anaisimulia, anainua mikono vilevile, tunacheka mpaka machozi. Halafu anatuonya: 'Mkija kwangu, kengele msiitaje. Fela inamuuma. Hata mlangoni sikuweka.'"

Nilicheka, Bronek. Makaburini, siku kama ile, majirani wamesimama na mishumaa yao wananitazama. Kumbe nawe ulikuwa mlinzi wangu. Miaka yote hiyo mimi nakohoa kwa ajili yako, na wewe unawaacha wageni kwenye mvua, wakibisha, kwa ajili yangu.

Tangu siku hiyo najiuliza mengi. Kikohozi changu ulidhani ni cha nini? Na supu yangu ya bitiruti, uliipenda kweli, au nayo ulikuwa unanihurumia? Nilimuuliza Alojzy. Alitazama pembeni.

Wiki iliyopita mjukuu wetu Jagoda, ambaye sasa ni fundi umeme, alikuja na ngazi yake. Akauliza, "Bibi, unataka mlio wa namna gani?" Nikamwambia, "Unaofika uwanjani."

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi, tarehe 14 Septemba, saa nne asubuhi, kanisani kwetu. Baada ya misa kutakuwa na supu, mkate na matango ya chumvi nyumbani. Wanafunzi wako wote wanakaribishwa, na hasa wale waliokuwa wakifika mwisho. Tafadhali msibishe mlango. Pigeni kengele.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Felicja. Binti yako Urszula na mumewe Norbert. Wajukuu zako Jagoda na Tymoteusz. Na Alojzy, aliyekuja tena kwa treni na anasema safari hii hatakimbia.

Tunakukumbuka, Bronek, na daima tutakukumbuka, kila kengele hiyo itakapolia.