Siku Niliyojiita Mzima Bomani

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Barua yako imefika. Huku Tinde sote wazima, na mimi babu yako sijambo kabisa. Yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Unauliza utawaambia nini watu wa viza ili uende India kutibiwa moyo. Usifanye kama mimi. Ujanani, nikichimba dhahabu Nyarugusu, nilipata ngiri, nikaambiwa Uganda kuna daktari wa kuipasua. Nikaenda bomani kuomba kibali. Karani, Msukuma mwenzangu, akanisalimia kwa heshima zote. Nyumbani je? Mhola. Ng'ombe? Mhola. Na mwili? "Mhola duhu, salama tu," nikajibu, tumbo nimelishika kwa mikono miwili.

Akafunga daftari. "Sasa mtu mzima hivi, Uganda unafuata dawa ya nini?"

Kesho yake nikarudi. Akaniuliza hali, nikajibu salama tena! Siku ya tatu sikumsalimia. Nilijilaza sakafuni nikalia, kibali kikaandikwa.

Kwa hiyo wakikuuliza hujambo, waambie unaumwa.

Na pale juu nilipoandika sijambo kabisa, ilikuwa adabu tu. Goti limevimba wiki ya pili sasa. Ukipona, njoo unione.

Babu yako