Mkanda wa Jimi na Sahani ya Mama

Otmari, mdogo wangu,

Shikamoo yako ya Jumapili niliisikia, ila nilikimbilia kukuuliza mengine, ukakata simu kabla sijaitikia, kwa hiyo marahaba yake naiweka hapa kwenye karatasi. Hamjambo huko Maguu? Watoto wamepona kikohozi? Kahawa mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika na ile ya bondeni? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani imeanza kuuma masikio asubuhi, lakini hiyo nimeizoea.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaikata. Barua hii anaileta sista anayerudi likizo Kigonsera. Atakupa mkononi, na nimemwomba akae mbele yako mpaka umalize kusoma. Mkaribishe kiti na usijifanye umesahau miwani.

Kazi yangu unaijua, ingawa ukiulizwa kanisani unasema dada yako ni nesi. Nalea mbwa. Watu wakienda kazini wanatuachia mbwa wao, tunawatembeza na kuwalisha, jioni wanakuja kuwachukua. Kila mbwa amevaa mkanda shingoni wenye kidude kinachoonyesha alipo na kuhesabu mwendo wake: ametembea kiasi gani, amekimbia, amelala, amejikuna. Habari zinaingia kwenye simu, na simu inapiga hesabu ya kalori, yaani nguvu aliyotumia, kisha inasema apewe chakula kiasi gani. Aliyekimbia sana anaongezewa, aliyelala anapunguziwa. Mimi ndiye ninayepima kwenye mizani. Mwanzoni nilicheka mpaka machozi. Halafu nikazoea, nikaanza kuamini, na ubaya wote umetokea hapo.

Unakumbuka mama alivyoanza kupotewa na kumbukumbu. Akawa anaamka na kuteremka kwenda kwao Liuli, ziwani, kama binti aliyechoka na ndoa, wakati wazazi wake anaowafuata walishazikwa zamani. Mara ya mwisho mlimkuta katikati ya maharage, amekaa ndani ya shimo la ngoro, kati ya matuta ya mteremkoni, miguu imejaa matope, mbwa wake Jimi amelala kando yake. Kila tulichomvalisha ili tujue alipo alikivua akakitupa. Lakini Jimi hakumwacha hata chooni. Kwa hiyo bosi wangu aliponipa mkanda wa zamani, wenye laini yake ndani kama simu, niliutuma avalishwe Jimi. Alipo mbwa, mama yupo. Wewe kazi yako ilikuwa kuuchaji kwenye sola tu.

Mwanzoni nilikuwa nikifungua simu kwenye treni nawaona wote wawili. Wamekwenda kanisani, wamepita kisimani, wamepanda kwa jirani kupiga soga. Niliona raha, Otmari, sitakuficha. Niliona kama nimekaa nao uani.

Kisha Jimi akaacha kutembea. Nikakupigia, ukasema amezeeka, na mama siku hizi ametulia, anaota jua lake uani. Nikamshukuru Mungu na wewe nikakushukuru.

Kumbe ulikuwa umegundua kwamba siku hizi Jimi hamfuati mama. Mama ndiye anayemfuata Jimi. Ukamfunga mbwa kamba kwenye nguzo ya ghala, na mama akaketi hapo hapo kando yake tangu mnapoondoka kwenda shamba mpaka mnaporudi, jua lake, manyunyu yake. Mtu akimfunga mama yake kamba kijiji kizima kitamjia juu. Akifunga mbwa, hakuna hata anayegeuza shingo. Akili hiyo ungeitumia shuleni, leo ungekuwa mkuu wa wilaya.

Mimi huku nasoma simu yangu. Simu ikasema mbwa huyu hatumii nguvu, atanenepa, apunguziwe chakula. Na mimi, mtaalamu wenu wa mbwa, nikapiga na kusema mpeni Jimi nusu. Nilipoona mwendo wake umezidi kushuka nikapiga tena, safari hii kwa ukali, nikamwuliza mkeo, wifi Edita, kama haelewi nusu ni nini.

Yule bosi wangu angekosea hapo asingelaumiwa, kwa sababu kwao kila mtu ana sahani yake na mbwa ana bakuli lake. Mimi nimezaliwa humo ndani. Najua kwetu mtu hali peke yake, na anayekula peke yake anasemwa. Najua baba alipofariki, na nyinyi mkawa na jiko lenu, mama alianza kula na Jimi, sahani moja, tonge lake, tonge la mbwa. Tulimcheka, akasema afadhali Jimi, maana haondoki kabla chakula hakijaisha. Wifi alikuwa akipakua mara moja kwa wote wawili. Nilipoagiza nusu ya Jimi, sahani iliyopunguzwa ilikuwa hiyo moja. Mama amesahau majina yetu, amesahau kwamba baba amekufa, lakini kugawa hakusahau. Sahani ilipokuwa ndogo, akawa anampa Jimi kwanza.

Mama mdogo Skola alipopanda kutoka ziwani na kikapu chake cha dagaa wa usipa, alimkuta dada yake amebaki mifupa, gauni limekazwa kiunoni kwa pini, na Jimi kando yake manyoya yanang'aa. Najua alivyopaza sauti. Najua alisema mbele ya majirani kwamba mbwa amemla mama yenu mkiangalia. Mama akapakiwa kwenye pikipiki, akapelekwa hospitali akiwa amefungwa kanga kwa nyuma asianguke.

Siku hiyo nilikupigia nikakutukana. Sifuti hata tusi moja. Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha ukasema, "Dada, ulisema tumpe nusu. Tulimpa nusu." Ukakata.

Nilikuchukia, Otmari. Nilikuchukia kwa sababu ulisema kweli. Nilirudi ndani nikawapimia mbwa wa watu chakula chao cha jioni, na mmoja wao akalamba vidole vyangu.

Kesho yake simu ikalia. Ilisema hongera, leo Jimi amefanya mazoezi makali. Alikuwa amekimbia, ameruka, amezunguka kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ametulia. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Nikadhani mmemfungua kamba. Baada ya hapo ikawa mapumziko tu, asubuhi mapumziko, jioni mapumziko. Simu ikanisifia kwamba mbwa wangu analala vizuri sana, ila kwa usingizi huo apunguziwe chakula tena.

Jumapili nilikuuliza, ukasema Jimi hajambo, amekula, anabweka. Ndipo ukakata. Nikampigia wifi Edita. Nikamwuliza kuhusu Jimi, akasema, "Wifi, mdogo wako alimpiga kwa mpini wa jembe, akiwa bado kwenye kamba."

Anasema mkanda umeutundika ghalani, na kila wiki unauteremsha, unauchaji, unaurudisha msumarini. Umemuua mbwa, na mkanda wake unauchaji ili mimi nisijue. Hiyo bidii ungeiweka kwenye sahani ya mama, tusingekuwa hapa. Ulikuwa unamlipizia mama, au ulitaka majirani waone kwamba mwenye kosa ameadhibiwa? Mbwa alikula alichopewa. Waliompimia ni wewe na mimi, na wewe na mimi hakuna aliyetugusa.

Sasa sikiliza kwa nini nimehangaika na karatasi yote hii.

Mama hali. Hospitali wamemtundikia maji, wamempa uji, mama mdogo amempikia ugali na usipa wa kwao ziwani anaoupenda. Anamega tonge, analidondosha sakafuni upande wa mkono wake wa kushoto, kisha anasubiri. Anatazama chini. Asipoona limeliwa, anasukuma sahani. Wauguzi wanafagia, wanamgombeza taratibu kama mtoto, na kesho anarudia. Mama mdogo amejaribu kula naye, lakini magoti yake hayamruhusu kukaa chini, anakaa kwenye stuli, na mama wala hainui macho kumtazama. Daktari amesema asipoanza kula mwenyewe, maji ya chupa hayatamfikisha mbali. Wewe hujakwenda kumwona hata siku moja. Eti unaanika kahawa.

Mimi nimeomba ruhusa nikaambiwa hakuna wa kushika zamu yangu, mbwa lazima walishwe. Nikiondoka bila ruhusa, kibali changu cha kuishi huku kinakufa, na hilo mnalijua wote. Nimelala na wazo hilo siku nyingi na kila asubuhi nimekuta nimevaa sare ya kazi. Kwa hiyo usidhani najiona mwema kuliko wewe.

Msalimie wifi Edita, mwambie sina kinyongo naye, alitii alichoambiwa na akasema kweli alipoulizwa. Msalimie mama mdogo Skola, anaweza kurudi kwake akapumzishe magoti. Msalimie mwenyekiti wa jumuiya, aliyetoa pikipiki yake. Watoto wasalimie, na uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe Jimi amekwenda wapi, maana wifi anasema kila siku wanamwita.

Kahawa waachie wengine waigeuze. Sista atakapoinuka kwenda zake, ondoka naye mpaka hospitali. Ukifika usikae kwenye kiti, wala usikae kitandani. Kaa chini sakafuni, upande wa kushoto wa mama, bega lako liguse mguu wake. Akidondosha tonge, liokote ule, utafune aone. Atakapoona limeliwa, naye atakula. Utafanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, siku zote zitakazobaki, na wagonjwa wengine wakicheka waache wacheke. Usimkumbushe jina lako. Akikuita Jimi, itika.

Dada yako,
Kandida