Majike Kumi na Moja ya Masika

Jumatatu, 18 Juni 2001
Samaki tisa wamekufa katika bwawa la Inspecteur, hapa Vulamba, Butembo. Amesema hivyo mlinzi wake, nami nimewahesabu kwenye majani. Nilikwenda na kinasa sauti kwa kipindi cha wakulima cha redio, kama kila Jumatatu.
Inspecteur ni ofisa wa uvuvi. Aliletwa kutoka jimbo lingine kabla ya vita. Serikali iliyomtuma haifiki tena Butembo. Cheo amebaki nacho. Anasema amegundua chakula kinachowapa samaki afya: maganda ya maracuja, yaani pasheni.
Hakugundua. Ni kazi ya dada yangu Masika, anayefuga samaki kijijini Musienene. Mwezi wa tisa mwaka jana huyu bwana alifika kwake na askari wawili, akachukua samaki wake wa uzazi "kwa contrôle", eti ukaguzi. Majike kumi na moja. Hawakurudi. Masika aliishi kwa kuuza vifaranga vya samaki. Sasa hana cha kuuza.
Leo nimemuuliza Inspecteur kama anakausha maganda.
"Hapana, Journaliste. Mbichi iko na nguvu."
Jibu hilo limo kwenye kanda. Maji ya bwawa lake ni meusi na yananuka. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 19 Juni
Mpango: kunyamaza. Wafe wote, kisha nirushe sauti yake hewani. Sentensi ya kwanza nimeshaiandika.
Halafu nimekumbuka. Masika hulikata kila jike la uzazi pezi moja la tumbo, la kushoto, kwa wembe, mpaka kwenye shina ili lisiote tena. Hivyo akivua hachanganyi mama na watoto. Wale tisa huenda ni wake; sikutazama mapezi yao. Miaka ishirini katika kazi hii, na sikutazama.

Jumatano, 20 Juni
Musienene. Masika alikuwa anatwanga maganda. Huyaanika juu ya bati mpaka yavunjike mkononi, huyatwanga, huyachekecha, kisha hutia konzi moja katika beseni la pumba. Nimemweleza yote. Hakulia. Ameniita yaya, mkubwa wake, kama siku zote.
"Yaya, ulitaka bakufe?"
"Nilitaka."
"Basi uko mupumbafu sawa yeye. Bale ni bamama ya bwawa yangu."
Nimemwambia habari nyingine: tarehe 30, sikukuu ya uhuru, Inspecteur atavua mbele ya watu, na commandant wa waasi wanaoushika mji amealikwa. Masika ameacha kutwanga.
"Basi baishi mpaka ile siku. Utamupelekea huu unga."
"Kwa mwizi?"
"Hapana kwa mwizi. Kwa samaki."

Ijumaa, 22 Juni
Nimepeleka gunia. Wengine watano wamekufa tangu Jumatatu. Mlinzi amewazika, mapezi hakutazama.
Nimemwambia Inspecteur atoe maganda yaliyooza, afungue mfereji maji mapya yaingie, asilishe siku mbili, kisha konzi moja kwa beseni. Ameandika kila neno.
"Uko mutu muzuri, Journaliste. Batu ya hapa banakuwaka na roho mubaya, mais wewe, hapana."
Amenipa chai. Nimeinywa yote. Sijawahi kumchukia mtu kwa utulivu namna ile.

Jumatano, 27 Juni
Hakuna aliyekufa tangu Jumamosi. Maji yanaonyesha chini. Samaki mmoja mwenye kidonda mgongoni, kidonda kinafunga. Ni ganda au ni maji mapya? Kwa siku chache hizi siwezi kusema, na redioni sitasema.
Masika ameshuka Butembo. Tumekwenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, mzee asiyependa kelele. Masika amesema mbele ya kinasa sauti: majike yangu ni kumi na moja, hayana pezi la kushoto. Chef ameandika tarehe juu ya kanda na kutia sahihi.
"Na kama mapezi iko?"
"Nitaomba pardon mbele ya batu bote, papa chef."

Jumamosi, 30 Juni
Watu wengi. Commandant kwenye kiti, miguu imenyooshwa. Inspecteur amesema "ugunduzi wangu" mara nne. Wavu umetoka umejaa.
Chef amesimama, ameomba samaki wakubwa wageuzwe tumbo juu. Wa kwanza: hana pezi la kushoto. Wa pili: hana.
Inspecteur amesema ni ugonjwa.
"Ugonjwa gani inachagua kushoto tu?" Masika ameuliza. "Inajua kushoto na kuume kuliko askari banapiga mguu ku défilé?"
Watu wamecheka. Commandant naye, baadaye kidogo. "Likambo te," amesema kwa Kilingala, hakuna shida, chef akate hiyo maneno, aamue yeye. Kisha ameondoka na madume mawili makubwa. Hakuna aliyemwuliza pezi.
Nilisogeza kinasa sauti karibu na mdomo wa Inspecteur na kukiacha pale. Sekunde thelathini na moja bila neno. Nitazirusha zote.
Nilidhani nitaona aibu kidogo kwa ajili yake. Sikuona.
Majike yaliyopatikana: saba.

Jumapili, 1 Julai
Chef ameruhusu wale saba warudi nyumbani. Tumewabeba ndani ya mabidon, madumu ya plastiki, juu ya baiskeli, taratibu, tukibadilisha maji kila kijito. Wote wamefika hai.
Wanne hawapo. Wangapi walikufa kabla sijaamua kunyamaza, wangapi baada, sitajua. Masika hakuniuliza. Ningependa aniulize.
Amewaachia majini mmoja mmoja. Wamezama. Ametupa konzi ya chakula, tumekaa ukingoni. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha duara moja juu ya maji.
Jumanne tarehe 3, saa tatu, Inspecteur anajibu mbele ya chef. Nitafika saa mbili na nusu, na kanda zote: ya maganda mabichi, ya Masika na ya sikukuu.