Kompyuta ya Mzee Kasiani haina tatizo

Jumanne, Julai. Izia, Sumbawanga. Upepo tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Naogopa. Niliandike hilo kwanza, halafu nieleze.

Wiki iliyopita jirani yetu, Mzee Kasiani, aliniletea kompyuta yake kuukuu, boksi zito la mezani aliloachiwa na mwanawe. Ujana wake aliumalizia migodini Zambia, na huko kulikuwa na baa yenye mashine ya gemu, zile za kutumbukiza sarafu halafu unafyatua vyombo vya angani. Mwanawe alimwekea emuleta, programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ile ya zamani. Picha ikawa balaa. Inachanika katikati, inachezacheza, rangi zimechujuka. Nikamwambia aniachie tu, fundi si ndiye mimi.

Na kweli niliitengeneza. Kadi ya picha ya kompyuta ile ni ya zamani mno, na emuleta mpya ilikuwa inaitwisha mzigo isiouweza. Nikaitoa, nikaweka toleo la miaka ya nyuma, nikazima madoido yote ya kulainisha picha. Kuchanika kukaisha, rangi zikarudi. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa.

Ikabaki kasoro moja. Gemu hizi zina ukurasa wa majaribio, mistari myeupe iliyokatana kama wavu wa dirishani, ambao mafundi wa zamani waliutumia kunyooshea picha. Mistari ya katikati ilikuwa imepinda, kama vile mtu ameubonyeza wavu kwa kidole gumba.

Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, ndivyo nilivyofundishwa. Draiva ya kadi, waya, ukubwa wa picha. Jana nikachomeka kioo cha kompyuta yangu mwenyewe, ninachotumia kuchapia kazi za wateja. Mistari ikapinda palepale. Nikaamua kuwa kadi ndiyo imekufa, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mzee.

Amekuja leo mchana. Nilimwamkia, nikamvutia stuli, nikafungua ule ukurasa na kumwonyesha kwa kidole mahali palipoharibika. Akafuta miwani yake mizito kwa ncha ya koti, akasogeza uso, akaurudisha nyuma.

"Mama Neema, mbona hapa pamenyooka?"

"Hapo katikati, mzee. Angalia vizuri."

"Naangalia, mwanangu. Imenyooka yote. Au unanitania kwa sababu nimezeeka?"

Hakungoja jibu. Alifungua gemu yake akaanza kufyatua, anacheka peke yake, kisigino kinagonga sakafu. Nilicheka naye, kisha nikamwomba nirudishe ule ukurasa mara moja.

Nikafumba jicho la kushoto. Mistari ikapinda zaidi, na katikati pakawa na kivuli. Nikafumba la kulia. Yote imenyooka.

Nikageukia mlango. Ile fremu mume wangu Evarist aliipima kwa timazi mwenyewe, akaringa nayo mwezi mzima. Kwa jicho la kulia ina kitambi.

Si kompyuta. Ni jicho langu.

Nilimfungia mzee vitu vyake, akanishukuru mpaka nikaona aibu, akaondoka na furaha yake. Nikabaki nimesimama mbele ya picha ya Neema iliyoko ukutani, binti yetu aliye shule ya bweni. Nilimwangalia kwa jicho bovu. Nywele nilizozisuka mimi, nikaziona. Kola ya sare nikaiona. Uso haukuwepo.

Nikakaa chini palepale sakafuni.

Bibi yangu wa Mpui aliimaliza miaka yake akishika kamba, waliyomfungia kutoka mlangoni hadi jikoni. Tulipokuwa wadogo tuliichezea kamba ile, tukaifanya bembea, tukagombezwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza macho yalianzaje. Leo ningetoa chochote nimuulize.

Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga huniuliza kama nimekuja kwa ungo, kama wachawi. Huwa nacheka, na huwa nawajibu kuwa ungo uko gereji. Leo, kwa mara ya kwanza, nimejikuta nawapitia majirani mmoja mmoja kichwani, nani nimemkosea hata aniroge. Mimi, fundi. Nimejionea haya, lakini hofu ikikushika inakupeleka inakotaka.

Nilimpigia Evarist, yuko Wampembe kununua migebuka. Mtandao ulishika. Nikamuuliza habari za samaki, nikamuuliza upepo wa huko ziwani, nikamuuliza kama amekula. Akauliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nikasema mafua. Nikakata.

Mbona nimeshindwa? Nadhani nikishamwambia litakuwa kweli, na sasa hivi bado ni mimi na fremu ya mlango tu.

Halafu nikafanya ninachokijua. Ule ukurasa wa mistari nilikuwa nimeshaunakili jana kwenye kompyuta yangu; nikaugeuza mistari iwe myeusi, nikauchapa kwenye karatasi. Nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikachukua kalamu nyekundu, nikafuatisha kila mstari kama ninavyouona. Kile kivuli nikakizungushia duara. Kisha nikaondoa kiganja.

Kasoro ilikuwepo pale, nyekundu juu ya nyeusi. Mistari imenyooka, na juu yake mwendo wa kalamu yangu umejikunja kukizunguka kitu ambacho kwenye karatasi hakipo. Nililia. Ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Karatasi nimeikunja na kuitia kwenye pochi. Asubuhi naipeleka hospitalini, kitengo cha macho, niwe wa kwanza kwenye foleni. Nitamwekea daktari mezani na kumwambia hapa ndipo panapopinda, na bibi yangu alikuwa kipofu. Atakachosema, nitakisikia.

Simu inaita. Evarist. Hajawahi kuamini mafua yangu.

Naipokea.