Anwani Anayoijua Mukai Siibadilishi

Kanisani, nyuma ya Adams Arcade,
Nairobi.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Syokimau,

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, na lile jengo la mjini nililoendesha lifti yake miaka thelathini na moja limebomolewa, mimi nipo. Wewe u mzima? Magoti yanasemaje? Mvua ya Kitui imeshuka? Mimi sina neno, ila jicho la kushoto, na hilo halinizuii kulinda kanisa.

Nakuandikia juu ya binti yangu Mukai. Miaka minne yuko kimya huko Uarabuni, nawe ukamtia kwenye maombi ya marehemu. Nilikataa, na leo nakataa tena kwa kalamu.

Unajua anwani yangu anayoijua ni moja tu, ile imeli iliyo kwa kompyuta ya ofisi ya kanisa. Mwezi uliopita wenye imeli walitaka paswadi ibadilishwe. Kavata, karani wetu, akabadilisha, akaiweka vizuri. Tangu siku hiyo hakuna barua iliyoingia. Programu inadai paswadi, akiandika ile mpya inakataa.

Akaitwa fundi Muchiri kutoka Ngara, mtu wa viatu vya kung'aa.

"Mzee, hii imekufa. Nikufungulie anwani mpya, dakika mbili tu."

"Mpya ya nani? Mukai ataiota?"

"Kwani wewe ulisomea kompyuta wapi?"

"Kwa lifti!"

Fundi wa lifti akibadilisha kitu kwa sanduku la mitambo, lifti haimsikii. Inafuata mambo ya zamani mpaka uzime swichi kubwa, uhesabu thelathini, uwashe. Nikamuuliza Kavata alizima kompyuta lini. Akaangalia chini. Hajazima tangu Krismasi! Inachelewa kuamka, kwa hivyo jioni anaifunika tu na kitambaa walichofuma kina mama, kama sahani ya mandazi.

Muchiri akasema nikizima, hata barua za zamani zitapotea. Kavata akanishika mkono. Nikazima. Nikahesabu kwa sauti hadi thelathini. Nikawasha.

Haikuuliza paswadi tena. Barua zikamiminika, matangazo mengi ya upuzi, na katikati mbili za Mukai. Kavata akanisomea. Waajiri wake walimnyang'anya simu, sasa ametoka kwa hao watu, anauliza kama baba yuko, maana asipojibiwa hana wa kumrudia.

Sikumwachia Kavata aandike. Nilibonyeza mwenyewe, kidole kimoja: NIKO. RUDI.

Basi toa jina lake kwa hiyo orodha ya marehemu kabla ya Jumapili ijayo. Usiponitii nitakuja Kitui nilifute mbele ya mchungaji.

Nisalimie shemeji Nzau na Jacklyne na mtoto wake. Mungu awape mvua na meno ya kutafunia mtakachovuna.

Ni mimi kaka yako akupendaye, upende usipende,
Musembi

Ukidhani naota, muulize Kavata, alikuwa amenishika mkono. Na muulize Muchiri. Huyo hanipendi, kwa hivyo hawezi kunidanganyia.