Transfoma ya Treni ya Baba

Boito, Konoin
Julai

Ndugu yangu Aron,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujerumani. Sisi tupo kwa neema ya Mungu. Baridi imepunguza majani ya chai, lakini ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Kipkemoi na watoto wanakusalimu. Ningekupigia, ila kwa simu wewe una haraka kila mara, na Baba husikia.

Niseme wazi: treni yako imenichosha. Najua uliituma kwa nia njema. Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa ameacha kuongea, na chakula anakigusagusa tu, na mimi niliogopa tutamzika na yeye pia. Nikakulilia, nawe ukatuma kitreni cha umeme, reli zake na transfoma, vitu vya watoto. Nilikasirika. Lakini Baba alipofungua kile kisanduku aliuliza bisibisi iko wapi, na siku hiyo alimaliza ugali wake.

Shida ni transfoma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo nikueleze. Kila jioni nikitoka kwangu Kimulot kuja kumpikia, naikuta taa ya transfoma imezima na treni imekwama mezani. Baba ananiambia nikae nishike tochi. Unakumbuka sheria yake alipokuwa fundi wa umeme kiwandani: mashine ikilala, hakuna anayeenda nyumbani mpaka iamke. Basi nashika tochi, yeye anafungua plagi, anabadilisha fyuzi, ananihadithia jinsi Mama alivyokuwa akimletea chakula pale getini. Huko kwangu Kipkemoi anakamua peke yake na kununa. Jioni moja ikakubali kuwaka, nikachukua leso yangu nikarudi kwangu mapema. Kesho yake ilikuwa imekufa tena.

Nikamwita Osoro, fundi wa redio hapa senta. Aliipima akasema ni nzima. Baba akamwambia hajui kupima. Osoro, ambaye naye hana subira, akaibeba hadi dukani kwake, ikafanya kazi kutwa nzima. Tulipoirudisha na kuiunga na reli, ikazima. Osoro akasema inajikinga tu, kwamba kuna mahali reli mbili zinaguswa na chuma kimoja, na kwamba mtu aliyefanya kazi ya umeme maisha yake yote angekuwa ameshajua hilo. Nilimjibu vibaya. Nilidhani anasema akili za Baba zimechoka.

Jana Baba alipotoka kunawa, nikaona heri nitafute mwenyewe. Nikapapasa reli yote, nikaingiza mkono ndani ya lile handaki alilolitengeneza kwa katoni. Humo nikagusa waya mwembamba wa shaba, umefungwa kutoka reli hii hadi ile, kwa lile fundo alilotufundisha tukiwa wadogo. Hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo.

Aron, nilikasirika mpaka nikalia. Nimegombana na mume wangu, nimemtukana fundi wa watu, na shida yenyewe inafungwa kila siku na Baba kabla sijafika. Kisha nikamsikia akiuliza kutoka nje kama nimeshaishika tochi, maana leo lazima tuipate hiyo shida.

Nikaukaza ule waya vizuri, nikamjibu kwamba nimeishika.

Kwa hiyo usitume transfoma nyingine kama ulivyoahidi. Hata ukituma kumi zitakufa zote. Njoo wewe Desemba, ushike tochi hata jioni chache, nami nikakae na watoto wangu. Na ukifika, handaki usiliguse.

Baba anakusalimu sana. Anasema hao Wajerumani wako hawajui kutengeneza transfoma.

Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Rodah